Nilivyolimaliza Jalala la Ploti

Nisikilize kidogo, wewe uliyekuwa mtoto wakati juala jeusi, ule mfuko wa plastiki wa dukani, lilipokuwa bado jambo la kujivunia, watu wakilikunja vizuri na kuliweka chini ya godoro. Sina habari kubwa. Nataka kukueleza jinsi takataka za ploti moja ya Kibera zilivyoisha, na kwa nini aliyezimaliza alikuwa msichana wa shule ya msingi ambaye hakupenda usafi hata kidogo.

Juzi, mvua ilipokatika, nilifungua gunia langu nyuma ya jikoni nitie maganda ya viazi. Harufu iliyonipanda puani ilikuwa ile ile ya zamani: udongo mweusi, maranda ya mbao yaliyolowa, majani ya chai yaliyochacha. Nikajikuta nimesimama na karai mkononi, moyo unanienda mbio, kana kwamba kuna mtu anaporwa kitu mahali fulani na mimi nimechelewa kufika.

Tulikaa upande wa Kibera unaotazama mtaa wa Ayany, kwenye ploti ya vyumba vya udongo vilivyopangwa safu mbili, mlango ukiangalia mlango. Nyuma ya safu yetu, kati ya choo na ukuta wa mabati, ndipo lilipokuwa jalala. Hakuna aliyekumbuka nani alilianzisha. Kila chumba kilimwaga hapo: maganda ya ndizi, majivu ya jiko, mikebe, matambara, mifupa ya samaki, na juu ya yote majuala. Unajua jinsi tulivyonunua vitu. Mafuta ya kupikia ya kupimwa, yamefungwa fundo ndani ya kijuala chembamba. Chumvi kijuala chake, sukari kijuala chake, majani ya chai kijuala chake. Mtu asiye na kitu hununua mara nyingi, na kila mara hurudi na juala. Ndiyo maana watu wa Ayany, waliokula kuliko sisi, hawakuwa na jalala kama letu.

Mama alikuwa mjamzito. Jumapili moja baada ya kanisa tulitembea, yeye na mimi, hadi Kawangware, kituo cha 46, kwa shangazi, dada yake baba. Dana alikuwa amefikia huko. Dana ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu alikuwa mama yake baba, ametoka nyumbani kando ya ziwa kumngojea mtoto. Nilikaa nje mlangoni nikisuuza vikombe, na pazia la shangazi halikuzuia sauti.

"Huyu hatutampokea kama tulivyopokea wale," Dana alisema.

"Sawa, Mama," mama yangu alijibu.

"Akitoka tu, kabla hajanyonya, nitambeba mpaka jalalani. Kwenu liko?"

"Liko. Nyuma ya choo. Ni kubwa."

"Hapo ndipo nitamtupa. Usinizuie na usilie. Ukilia umeharibu kila kitu."

"Sitalia."

Shangazi akauliza nani ataongezewa chai. Kisha akatoka, akanipa kikombe, akanituma sukari.

Njia ya dukani ilipita kando ya jalala la Kawangware. Lilikuwa kama kilima. Nguruwe walikuwa wamezamisha vichwa ndani yake, na juu kabisa walisimama wale ndege wakubwa wa Nairobi, wenye upara na mfuko shingoni, wakingoja. Mmoja alivuta kitu kirefu kutoka kwenye juala, akainua kichwa, akakimeza. Nilisimama pale hata nikasahau nimetumwa nini.

Ni lazima nikueleze kwa nini niliamini. Kabla ya hapo mama alikuwa amezaa wavulana wawili, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja nilimbeba, nikamzoea, nikajua anavyopiga chafya. Kisha siku moja nikirudi kutoka shuleni nikakuta leso yake imekunjwa juu ya kitanda, chumba kimejaa watu wazima walionyamaza. "Ameenda," niliambiwa mara ya kwanza. Mara ya pili sikuambiwa chochote, nilipewa uji. Watu wa rika letu tulilelewa hivyo. Tuliambiwa sehemu ya jambo, iliyobaki tukajitengenezea wenyewe. Siku ile, nikiwa na sukari ndani ya kikombe, nilifikiri nimejua hatimaye walikoenda.

Na kila nilichokiona nyumbani kilinithibitishia. Wanawake wengine wa ploti, tumbo likifika kifuani, walishona vikofia na kuanika nepi. Mama hakununua hata soksi. Hakutaja jina. Shangazi alipomletea sweta la mtoto kutoka mitumbani, mama alilisukuma kwa ncha ya kidole. "Lirudishe," alisema. "Sitaki kuliona humu." Nililala karibu na lile tumbo kila siku. Mgongo wangu ulipigwa teke na mtu ambaye hatima yake tayari ilikuwa imeamuliwa.

Sikuwa na wa kumwambia. Baba alitoka mapema kutafuta kibarua na kurudi bila maneno. Dana hakuna aliyemzuia. Nilichoweza kukizuia kilikuwa kimoja tu. Pasipo na jalala, nilifikiri, mtoto hatupwi.

Nilianza kwa moto. Mchana mmoja wa Jumamosi nilichukua kaa la jiko, nikalipuliza juu ya majuala mpaka yakashika. Moshi mweusi ulipanda, matone ya moto yakadondoka, na mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa jirani yetu Mama Mutheu. Huyu alikuwa mwanamke wa Kitui aliyesuka viondo. Alifumua masweta ya mitumba yaliyochakaa, akayasokota upya kuwa uzi, na mikono yake haikupumzika hata akigombana.

"Wee Akoth. Unataka kutuchoma na nyumba zetu?"

"Nataka liishe."

"Nini iishe?"

"Jalala."

Alimwaga ndoo ya maji juu ya moto, kisha akanitazama vizuri. Nadhani aliona uso wangu haukuwa wa mchezo. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Basi umerogwa," alisema, lakini alichukua kijiti, akachutama. "Takataka si kitu kimoja, mama. Ukiita kila kitu takataka, utashindwa. Hebu angalia. Hii ilikuwa chakula. Hii ilikuwa chuma. Na hii," alinyanyua juala lililoungua nusu, "hii haikuwa kitu tangu mwanzo."

Nimekaa na maneno hayo mpaka leo, na sijapata njia nyepesi zaidi ya kuyafundisha. Kilichokuwa chakula kinarudi udongo ukikisaidia. Chuma, chupa na mifupa vina wanunuzi wake. Walipita njiani wakiita, na waliingia hadi mlangoni ukiwaitikia. Lakini juala halirudi popote. Juala dawa yake ni kutoliingiza nyumbani.

Mama Mutheu alinipa gunia lililotoboka. Nilimwaga humo maganda yote niliyoweza kuchota, nikafunga mdomo, nikafikiri nimemaliza. Baada ya siku chache gunia lilivuja maji meusi, likajaa funza, likanuka mpaka mama akatapika nje ya mlango. Nilidhani Mungu yuko upande wa Dana.

"Umelizamisha," Mama Mutheu alisema. "Wewe ukifungiwa ndani ya maji utanukia vizuri? Linataka kupumua. Toboa mashimo. Kila ukiweka kibichi, weka na kikavu."

"Kikavu gani?"

"Kwani fundi wa mbao hapo Ayany maranda yake anapeleka wapi?"

Fundi alikuwa akiyafagia tu mtaroni. Aliniruhusu nichote nilivyotaka, akidhani nina sungura. Basi ikawa hivi: safu ya maganda, safu ya maranda, majivu kidogo, mkono wa udongo, maji ya kunyunyiza tu. Funza wakaisha. Harufu ikabadilika, ikawa ile niliyokutajia. Na siku moja nikiweka mkono ndani nikakuta joto, joto la kitu kilicho hai, nikauchomoa nikipiga kelele. Mama Mutheu alicheka mpaka akaangusha kiondo.

"Ni kazi inafanyika humo," alisema. "Likipoa ujue limechoka. Uligeuze."

Nyumbani nilikuwa na vita vingine. Nilikataa majuala dukani. Nilikwenda na mkebe, chupa ya mafuta taa na kiondo kikuukuu nilichopewa na Mama Mutheu, na mwenye duka akanifanya mchezo wa jioni.

"Mafuta nikuwekee wapi?"

"Kwa mkebe."

"Na chumvi?"

"Kwa gazeti."

"Na nyanya?"

"Kwa kiondo."

"Na wewe mwenyewe nikuwekee wapi?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilirudi siku iliyofuata na mkebe ule ule.

Aliyekasirika ni mama. "Umebeba nyanya moja kwa kiondo wazi, kutoka dukani mpaka hapa?"

"Ndiyo."

"Umepita mbele ya milango yote?"

"Nimepita."

"Wakaona?"

"Wameona."

Alikaa kitandani akishika kiuno. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Juala si la kubebea tu, Akoth. Juala ni mlango. Unafunga, watu hawajui una nini." Nilitazama chini. Sikuwa nimefikiria kwamba vijuala vyote vile vyeusi, vikipita mbele ya milango kila jioni, vilikuwa vikificha nyanya moja moja. Ukitaka kumshawishi mtu aache juala, kumbuka kwanza analofunika nalo.

Hata hivyo mama alibadilika kidogo, si kwa sababu yangu, bali kwa kuchoka kutembea. Alianza kumwambia baba wangoje mpaka siku ya malipo, waende soko la Toi mara moja na kiondo, wanunue unga wa pakiti ya karatasi na mche mzima wa sabuni. Vitu vilikaa zaidi. Vijuala vikapungua. Kila kijuala ambacho hakikuingia chumbani mwetu nilikihesabu kama siku moja ya kuishi kwa mtoto.

Lakini chumba chetu kilikuwa kimoja, na ploti ilikuwa na milango mingi. Nilianza kugonga. "Naomba maganda." Wengine walinipa wakidhani nina mbuzi mahali. Wengine walinifukuza. Watoto wenzangu walinibatiza jina Kanju, kama wale wafanyakazi wa baraza la jiji ambao lori lao hatukuwa tukiliona.

"Niaje, Kanju? Lori lako limeharibika?"

"Kanju, kwetu paka amekufa, kuja umchukue."

Niliwachukulia hata paka.

Majuala yaliyokuwa tayari pale, yaliyoshikana na matope, ndiyo yalinishinda. Nilikuwa nimeyatenga kwenye rundo lake na rundo lilikuwa refu kunishinda. Wokovu wake ulitoka kwa wale wale wenye matusi. Wavulana wa mpira walitengeneza mipira kwa kusokota majuala na kuyafunga kamba. Niliwaambia, "Mnaweza kuwa kila mtu na mpira wake." Walifikiri, wakasema wanataka pia kamba. Mama Mutheu alitoa mabaki ya nyuzi zake. Kwa majuma mawili au matatu Kibera nzima ya upande wetu ilikuwa ikipiga mateke jalala letu.

Tumbo la mama liliendelea kushuka. Nilikuwa nikilinganisha kila siku kama mtu anayetazama mishumaa miwili: tumbo hili, rundo lile, kipi kitaisha kwanza. Sukuma wiki ziliota kwenye gunia la kwanza, kubwa, na walionicheka wakaanza kuja kuomba jani. Hapo ndipo wengi walipoanza kutenga maganda wenyewe bila kugongewa. Sikufurahi. Sikuwa nikilima sukuma.

Kisha nikarudi kutoka shuleni siku moja nikakuta jalala limerudi.

Watu wa ploti ya jirani walikuwa wameona mahali peupe, wakadhani pametengwa. Walimwaga kila kitu chao hapo, karai baada ya karai: maganda, matapishi ya mgonjwa, godoro lililooza, majuala, majuala. Lilikuwa limefika kiunoni mwangu. Nilitupa mkoba wa shule, nikaanza kuchota kwa mikono, na nilipoona hata nikichota mpaka giza sitapunguza kitu, nilikaa juu yake nikalia kwa sauti ambayo sijawahi kulia tena.

Mama alitoka polepole, amejishika ukutani. "Akoth. Kwa nini unalilia takataka?"

Nilimtazama, lile tumbo mbele yangu likiwa chini kabisa. Nilitaka kumwambia: nisaidie, au mzuie Dana, au mimi nipeleke badala yake. Nilichosema ni, "Zimerudi."

"Takataka hurudi," mama alisema. Aliniinua, akanifuta uso kwa ncha ya leso. Nilichukia jinsi mkono wake ulivyokuwa mpole.

Mama Mutheu alikwenda ploti ya jirani na mdomo wake. Sikusikia yote, lakini nilisikia akiuliza kama kwao wanawake huzaa watoto wenye mikono au wenye makoleo. Waliokuja kutusaidia walikuja kwa aibu, wengine kwa kicheko, na wavulana wa mpira walikuja kwa majuala. Tulichambua kuanzia adhuhuri ya Jumamosi hadi jua likazama nyuma ya Ayany. Gunia la pili likajaa, na juu yake nikatandaza maranda makavu, meupe, yaliyotoka kwa fundi siku hiyo hiyo. Niliifagia ile ardhi mara mbili. Siku iliyofuata nikaifagia tena.

Mama alishikwa na uchungu asubuhi, wakati watu wanachota maji. Mkunga aliingia, mimi nikatolewa. Dana aliitwa kutoka Kawangware, akafika na kuingia moja kwa moja bila kusema na mtu. Nilikaa nyuma ya choo, mgongo kwenye mabati, nikikumbatia ufagio. Nilisikia mama akinyamaza kwa nguvu, halafu mtoto akilia.

Dana alitokea kwenye uchochoro. Alikuwa amembeba kwenye kipande cha leso kuukuu, bila kofia, bila chochote, na alikuwa akitembea haraka kama mtu anayekwenda kumwaga maji. Mama Mutheu alimfuata kwa mbali akiwa na kiondo kikubwa. Nilipomwona yeye pia yumo, niliukaza ufagio kifuani. Yule ndiye aliyekuwa amenifundisha kila kitu.

Dana alifika, akasimama. Alitazama ardhi iliyofagiliwa. Alitazama nyuma ya choo, akatazama ukuta.

"Jalala lilikuwa hapa," alisema. "Niliambiwa liko nyuma ya choo, tena kubwa."

"Liliisha, Mama," Mama Mutheu alisema.

"Jalala huishaje?"

"Mtoto wenu alilimaliza."

"Sasa mimi nitamtupa wapi huyu?"

Nilitoka na ufagio wangu. "Hakuna mahali," nilisema. "Nimetafuta kote, hakuna. Mrudishe."

Dana alinitazama kana kwamba mlango umesema. Mtoto alikuwa akilia kwa ile sauti nyembamba ya baridi. Angeweza kunifukuza, lakini hakuwa na muda. Macho yake yalipita juu yangu, yakatua kwenye magunia.

"Na hayo?"

Mama Mutheu alisita. "Hayo ndiyo takataka zenyewe. Zote za ploti. Zimegeuka tu."

Dana alivuka, akamlaza mtoto juu ya gunia la pili, juu ya maranda, akageuka akaondoka bila kutazama nyuma.

Sikungoja. Nilitupa ufagio, nikamrukia, nikamnyakua. Kilichonishtua ni kwamba alikuwa amenyamaza. Nilidhani amekwisha. Kisha nikahisi mgongo wake kwenye kiganja changu, una joto. Gunia lilikuwa limempasha.

"Akoth," Mama Mutheu alisema, "nipe. Mimi ndiye wa kumwokota."

"Mtamtupa tena."

"Ndiyo maana nimekuja na kiondo. Sikiliza." Alichutama pale kwenye vumbi, kama alivyochutama siku ya moto. "Nyanya yako anamtupa ili kifo kikija kuuliza mtoto wa mama yako, kiambiwe alitupwa, hakuna. Mimi mpita njia nimeokota mtoto. Ni wangu. Nampelekea mama yako anilelee. Kifo hakina haja na kitu cha jalalani. Ndiyo desturi yenu, mimi Mkamba nimeombwa tu kusaidia. Hakuna anayeachwa hapa."

Nilimkumbatia zaidi. Maneno yaliingia polepole, na yalipoingia yalikuta swali lililokuwa limekaa humo muda mrefu.

"Na wale wawili?" nilimuuliza. "Nani alikosa kuwaokota?"

Mikono ya Mama Mutheu, isiyopumzika, ilitulia juu ya kiondo. Aliketi chini kabisa.

Aliyejibu ni Dana. Mtupaji hatakiwi kugeuka, lakini aligeuka. Alirudi akasimama mbele yangu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba macho yake yalikuwa mekundu.

"Wale hawakutupwa, nyathina," alisema. Nyathina ni mtoto wangu. "Wale tuliwapokea kwa mikono miwili, tukawapa majina mazuri, wakafa. Waliugua, wakafa. Tuliwazika nyumbani, mmoja kando ya mwingine. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Nilikuwa nimepewa uji.

Basi nililia kwa ajili ya ndugu zangu wawili, nikiwa nimemshika wa tatu, nyuma ya choo, na hakuna aliyeninyamazisha. Waliningoja. Nilipokuwa tayari nilimweka mtoto mwenyewe ndani ya kiondo cha Mama Mutheu. Alisimama, akatembea mpaka mlangoni petu, nami nikafuata nikishika kamba ya kiondo.

"Hodi," aliita. "Nimeokota mtoto nyuma huko. Kuna mtu humu anaweza kunilelea?"

Mama alikuwa amekaa kitandani, wima, macho yamekauka, kama alivyoahidi. "Lete nijaribu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizwa kuhusu kuku. Lakini mikono aliyoinyoosha haikumfikia mtoto mpaka Mama Mutheu alipompelekea kifuani.

Walimwita Owiti, yaani aliyetupwa. Sitakuambia kwamba hofu iliisha siku hiyo. Kwa miezi mingi niliamka na kuweka kidole chini ya pua yake kabla ya kuvaa viatu. Niliendelea na magunia pia, kwa sababu ambayo sikuweza kuieleza. Nilihisi ni kwa sababu ya ile ardhi iliyofagiliwa ndiyo anapumua. Mama hakununua sweta mpaka alipoanza kutambaa. Tulipohama, nasikia jalala lilirudi mahali pake. Ndivyo mama alivyosema, takataka hurudi, na ni kazi ya kila siku. Lakini Owiti alibaki. Juzi ile baada ya mvua alikuwa sebuleni kwangu, viatu vyake vikubwa vimejaa kizingitini, akiuliza kwa nini chai inachelewa.

Kwa hivyo fanya hivi, uanze leo. Chukua gunia, ulitoboe mashimo pembeni, uliweke kivulini. Tandaza maranda au majani makavu chini. Mwaga maganda ya leo, funika na kikavu, nyunyiza maji kidogo, na kesho ufanye vivyo hivyo. Majuala usiyatie humo, na kesho ukienda dukani nenda na chombo chako. Majuma machache yakipita, tia mkono katikati mpaka kwenye kiwiko. Ukikuta pana joto, mwite mtoto aliye karibu naye atie wake, na akikuuliza ni nini, mweleze mpaka mwisho.